Nyumba ya Marehemu Shomari Inauzwa

Nusaiba alikuwa amechoka kufungua mlango.

Tangu kaka yake, Anwar, apeleke habari kwa dalali kwamba nyumba ya marehemu baba yao inauzwa, hodi hazikuisha. Wanunuzi waliingia na viatu vyao, wakapita ukumbini, wakachungulia uani, wakatoka. Hawakuuliza kama paa linavuja wala kama bomba linatoa maji. Vyumba hawakuwa na haja navyo. Walitaka ardhi. Mmoja wao, tajiri wa vipuri vya magari, alisimama katikati ya ua, akageuka huku na huku, akamwambia mwenzake, "Hii tunaangusha yote. Mbele maduka, juu ghorofa." Aliyasema hayo mbele ya Bi Mwajabu, mama yake Nusaiba, aliyekuwa amekaa mkekani anachambua mchele. Bi Mwajabu hakuinua uso. Aliendelea kutoa chuya na kuwatupia kuku.

Kinondoni yote ilikuwa ikienda hivyo. Nyumba ya jirani yao wa kushoto ilikwishageuka ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu yake, na geti la chuma linalofunguliwa kwa ajili ya gari tu. Umeme ukikatika, na siku hizo ulikatika sana, jenereta ilinguruma nyuma ya ukuta huo hadi sahani za Bi Mwajabu zikatetemeka kabatini. Watu waliokua na Nusaiba tangu utotoni walikuwa wameuza na kuhamia Mbagala, wengine Gongo la Mboto. Wakikutana naye sokoni walimwuliza, "Kumbe nyie bado mpo?" kama vile kubaki ni maradhi.

Wala hapakuwa na wa kulaumiwa. Watoto wa mke mkubwa wa Mzee Shomari, waishio Kisarawe, walitaka fungu lao la mirathi, na haki ni haki. Nyumba haikatwi kwa msumeno.

Alasiri hiyo Nusaiba alikuwa akifua. Hodi ilipopigwa alikwenda na povu mikononi, khanga moja kiunoni, nyingine mabegani. Akamwona Gregori, dalali, na nyuma yake mwanamume mwingine.

"Karibuni," alisema bila kumtazama mtu. "Kushoto chumba cha kwanza, kinafuata cha pili, na uani kuna..."

"Najua kilichopo uani," sauti ilimjibu.

Aliijua sauti kabla hajainua macho. Moyo ukamshtuka, kisha ukamwuma, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kurudiwa na damu.

Alikuwa Salumu Nandonde.

Alikuwa ametanuka mabega, na nywele za pembeni zimeanza kuingia mvi. Lakini vidole ni vilevile, vyenye makovu ya patasi. Miaka mingi nyuma alikuja kijana kutoka Newala, mchonga vinyago, akapanga chumba cha uani katika nyumba hii. Nusaiba alikuwa msichana. Mapenzi yao yaliota hapo, baina ya kamba ya nguo na bomba la maji, kwa macho zaidi kuliko maneno. Salumu alipotuma wazee kupeleka posa, Mzee Shomari aliwajibu kwa upole. Ni Bi Mwajabu aliyesema kwa sauti, mpaka wapita njia wakasikia: "Mtu hana hata pa kutundika shati lake, analala kwetu kwa kodi, leo atuombe na mtoto?"

Salumu alihama wiki ileile. Nusaiba akaozwa kwa mfanyabiashara wa Morogoro, akakaa naye miaka, hakupata mtoto, akarudishwa kwao na sanduku lake. Tangu hapo alikuwa akishona nguo barazani, na watu walikwishazoea kumwona hapo kama wanavyozoea nguzo.

"Hujambo, Nusaiba," alisema Salumu.

"Sijambo." Alijifuta povu kwenye khanga, kisha akaona aibu ya khanga yenyewe, imechakaa. "Umekuja kutazama nyumba?"

"Nimekuja kununua."

Gregori akacheka kwa furaha ya dalali. "Mnajuana? Basi kazi yangu imekuwa nyepesi!"

Wakaingia uani. Bi Mwajabu alikuwa palepale mkekani, na Anwar amekaa kwenye kigoda, amekuja kutoka Vingunguti anakofanya biashara ya ngozi. Salumu aliinama kidogo, kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu." Bi Mwajabu alikunja macho kukinga jua. Alimtazama kwa muda. Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Wewe si yule mchongaji?"

"Ndiye mimi, mama."

"Eh." Akarudi kwenye mchele wake. Lakini hakuona tena chuya. Nusaiba alimwona akiokota punje nzima na kuzitupa.

Anwar alikuwa wa kwanza kuchangamka. Alimvutia mgeni kigoda, akaulizia kazi. Salumu alieleza kwa ufupi: vinyago aliviacha kidogo, sasa anachonga milango na vitanda kwa ajili ya mahoteli ya Kunduchi, ana karakana Mwenge na mafundi wa kumsaidia. Bado anapanga vyumba, mtaa wa Mtoni kwa Azizi Ali. Kwa miaka yote amekuwa akiweka akiba ya nyumba.

"Na nikiinunua hii," alisema akitazama chini, "haitabomolewa. Mama atabaki chumbani kwake. Sitamhamisha mtu."

Bi Mwajabu alinyanyuka kwa kushika kiuno, akaubeba ungo wake, akaingia ndani.

Nusaiba alingoja kaka yake na dalali waende kukagua mpaka wa nyuma. Ndipo akamwashiria Salumu kwa kichwa. Waliingia katika kile chumba cha uani, ambacho sasa kiliwekwa mkaa na ndoo.

"Umefanya kusudi," Nusaiba alisema.

"Kusudi gani?"

"Kunionyesha. Kwamba yule aliyefukuzwa leo anaweza kutununua sie wote na masufuria yetu."

"Ningetaka kujionyesha ningekodi gari. Nimetembea toka kituoni, tazama viatu."

Alitazama. Vilikuwa vyeupe kwa vumbi la saruji la barabara ile. Kicheko kilitaka kumtoka, akakizuia, na katika kukizuia machozi yakakaribia.

"Basi unataka nini, Salumu?"

"Gregori aliniambia kuna nyumba Kinondoni. Akataja jina la mzee. Akasema kuna mtu anaitaka aiangushe. Nikamfikiria mama."

"Mama aliyekutoa hapa kama mwizi?"

"Mama aliyenipikia uji nilipoumwa malaria, akanishika kichwa ninywe. Ni huyohuyo. Mtu hana upande mmoja, Nusaiba."

"Na mie? Mie hukunifikiria?"

Salumu alimtazama, na Nusaiba akahisi mtazamo ule ukimpita usoni polepole, kama mkono wa kipofu unaotambua kitu chake. Hakuwa ametazamwa hivyo kwa muda mrefu. Alikuwa amesahau uso wake una nini cha kutazamwa.

"Wewe sikuacha kukufikiria," alisema mwishowe. "Nilipooa, nilikufikiria. Mke wangu alijua, akaondoka, wala simlaumu. Niliposikia umerudi kwenu nilitaka kuja. Nikajiuliza, nitaingia na nini? Waliniambia sina nyumba. Nikasema nitarudi nikiwa nayo."

"Na ukachagua hii."

"Imechaguka yenyewe."

Nusaiba aliegemea ukuta. Miguu ilikuwa imechoka, na moyo umechoka zaidi ya miguu. Jambo alilolitamani kwa miaka lilikuwa limesimama mbele yake na viatu vya vumbi, na hakuwa na nguvu ya kulipokea.

"Nisikilize," alisema. "Ukiinunua nyumba hii kisha ukanioa, watu watasema Bi Mwajabu kauza nyumba na mtoto juu, nyongeza. Hayo ningevumilia, nimesemwa sana. Lakini mie mwenyewe? Nitafagia ua huu kila asubuhi nikijua ni wako. Tukigombana, mwanamke hurudi kwao. Mie kwetu nitarudi wapi? Kwetu ndiyo kwako! Nilishaishi kwa mume aliyeniambia kila siku, 'humu ni kwangu.' Sirudii."

"Mie siwezi kukwambia hivyo."

"Hutasema. Lakini nitasikia."

"Nusaiba..."

"Ukinunua, nunua. Mama akae, nitakushukuru mpaka kufa. Lakini mie usinioe. Na ukitaka kunioa, nyumba hii iache. Chagua."

"Hiyo si haki."

"Najua si haki. Nimechoka kungoja ya haki."

Mkono wa Salumu uliinuka kama unataka kumgusa bega, ukaishia kwenye fremu ya mlango. Akatoka, akaaga wote, akaondoka na dalali wake.

Jioni, baada ya magharibi, umeme ulikuwa umekatika na jenereta ya jirani inanguruma. Bi Mwajabu alimwita bintiye chumbani. Kibatari kilimwangaza nusu ya uso.

"Nimesikia mliyoyasema. Ukuta wa chumba kile ni udongo."

Nusaiba alikaa miguuni pake, kitandani.

"Kwa nini unamkataza asinunue?"

"Mama, si nyie mliomkataa?"

"Tulimkataa. Nilisema mbele za watu, na waliosikia bado wapo. Leo nasema jingine. Mdomo ni wangu."

"Kwa sababu leo anazo."

"Kwa sababu leo ndiye peke yake asiyetaka kuangusha!" Sauti ya mama ilipanda, ikakatika. Aliposema tena ilikuwa ndogo. "Mie nililetwa hapa bibi harusi, mtaa huu ukiwa mikorosho. Nyote nimewazaa kwenye kitanda hiki. Baba yenu katolewa kwenye mlango ule. Sina mwaka mwingi, Nusaiba. Nitolewe kwa ajili ya yule wa vipuri, nasema sawa, Mungu kapenda. Lakini nitolewe kwa sababu mwanangu anaogopa kufagia ua?"

Nusaiba alitaka kujibu kwamba si ua. Alitaka kusema, mama, mliniozesha nisikotaka na nikaenda, mkanipokea nikarudi, sijawahi kuulizwa ninataka nini, hili moja niachieni. Maneno yalimjaa kinywani. Akaona mikono ya mama yake juu ya shuka, ngozi imelegea, mishipa imesimama. Akayameza.

"Nitakwenda kwake," alisema. "Nitamwambia anunue."

Alifika karakana ya Mwenge baada ya siku chache, maana hata kuinua mguu kwenda kushindwa kunataka siku zake. Salumu alikuwa peke yake chini ya bati, anapiga msasa ubavu wa kitanda. Vumbi la mninga lilikuwa limemkaa kwenye nyusi. Alipomwona aliweka msasa chini, akafuta benchi kwa kiganja ili akae.

Nusaiba hakukaa.

"Nimekuja kurudisha maneno yangu," alisema. Alikuwa ameyapanga njia nzima, akayatoa upesi kabla hayajamponyoka. "Nunua nyumba. Mama ni mzee, sina haki ya kumtoa. Na mie nitaolewa, kama bado unataka. Sitakuwa na masharti."

Salumu aliketi mwenyewe juu ya benchi, kama aliyesukumwa.

"Nimeshamwambia Gregori sinunui," alisema. "Juzi. Yule bwana wa vipuri ameshatoa malipo ya kwanza. Anwar amepokea. Hakukwambia?"

Nje, mchonga vinyago mmoja alikuwa akigonga patasi, koh, koh, koh. Nusaiba aliisikiliza sauti ile kana kwamba ndiyo habari yenyewe.

"Umefanya nini, Salumu?"

"Ulisema nichague."

"Nilisema kwa hasira!"

"Hapana. Ulisema kwa uchovu. Mtu akisema kwa hasira, unangoja ipoe. Akisema kwa uchovu, umsikilize." Aliinuka, akamkaribia, lakini hakumgusa. "Nilikwenda nyumbani nikafikiri. Mie miaka yote nimeitafuta nyumba ili nipate mdomo wa kusema mbele ya wazee wako. Kumbe na mie nilikuwa kama wao. Nilidhani nikishakuwa na mlango, wewe utakuja pamoja na bawaba zake. Ukanikatalia. Nikaona, huyu ndiye ninayemtaka, huyu anayekataa."

"Na mama yangu?"

"Mama atakuja kwetu."

"Kwetu wapi? Vyumba viwili vya kupanga?"

"Vyumba viwili vya kupanga. Kisha nitanunua kiwanja upande wa Pugu, kwa jina lako na langu, tujenge kidogo kidogo. Itachukua muda. Sikudanganyi."

Hapo Nusaiba alilia. Hakulia kwa furaha, wala kwa huzuni tupu. Alilia kama mtu aliyebeba ndoo kutoka mbali, akatuliwa, na shingo ikaanza kuuma baada ya mzigo kuondoka. Alimfikiria mama yake na kitanda chake. Alijua hatasamehewa upesi. Na katikati ya kujua hayo, kulikuwa na kitu kidogo chenye joto, kama kaa chini ya majivu: mtu alimsikiliza anataka nini, akafanya hivyo.

Salumu alimpa kitambaa chake. Kilinuka vanishi.

Bi Mwajabu alipoambiwa, hakupiga kelele. Alisema tu, "Kumbe niliyeuzwa ni mie," akageukia ukutani. Kwa siku kadhaa hakusema na bintiye ila mambo ya chumvi na maji. Nusaiba alishona, akapika, akakunja nguo na mapazia kwa ajili ya kuhama, na kila alichokunja alihisi kama anakunja ngozi ya mama yake.

Kisha Salumu akaja. Aliingia peke yake, akavua viatu, akaketi sakafuni mbele ya Bi Mwajabu.

"Shikamoo, mama."

Bi Mwajabu alimgeukia. "Marahaba."

Nusaiba alikuwa mlangoni na sinia la chai. Hakuthubutu kuingia.

"Ulikuwa na fedha?" aliuliza Bi Mwajabu.

"Nilikuwa nazo, mama."

"Na hukununua."

"Sikununua."

"Kwa sababu ya huyu?"

"Kwa sababu yake."

Bi Mwajabu alimwangalia kijana yule, ambaye hakuwa kijana tena, kwa muda mrefu. "Baba yake angekuwa hai angekuita mjinga."

"Na wewe, mama?"

"Mie sijasema." Akajifunga vizuri khanga ya kichwani. "Nyumba inakabidhiwa mwisho wa mwezi. Sitaki mwanangu aolewe uchochoroni. Lete wazee wako kabla hatujatoa mikeka."

Ndoa ilifungwa Ijumaa baada ya swala, katika ukumbi ambao makabati yake yalikwishaondolewa. Hapakuwa na ngoma wala maturubai. Majirani wachache waliobaki walikaa chini, wakala pilau, wakaangalia kuta huku wakitafuna. Watu wa Kisarawe walikuja na mbuzi, na mmoja wao akalia kuliko wenye nyumba. Nusaiba alikuwa ndani na mama yake, amekaa ukingoni mwa kitanda, hina mikononi. Sauti ya Salumu ilipopita ukutani ikisema amekubali, Bi Mwajabu alimshika mkono, akaubana, akauachia. Nusaiba hakuomba zaidi.

Jumapili Anwar alileta pikapu. "Mama, chumba nimekutayarishia Vingunguti," alisema. "Mke wangu amekutandikia."

"Kwako nitakuja kutembea," alijibu Bi Mwajabu, akapanda mbele, karibu na dereva, na mto wake mapajani. Nyumba ilipobaki nyuma hakugeuka. Nusaiba, aliyekaa nyuma juu ya magodoro pamoja na mumewe, ndiye aliyegeuka. Tajiri wa vipuri alikuwa amesimama barazani, anajaribu funguo.

Mtoni walifika jua likiwa kali. Nyumba waliyopanga ilikuwa ya vyumba vinane, kila mlango na familia yake, nguo zimeanikwa hadi barabarani. Wanawake waliokuwa wakisuka nywele barazani waliacha kusuka wapate kutazama. Nusaiba aliona aibu kwa niaba ya mama yake, akashuka haraka ili amshike mkono.

"Mama, vyumba vyetu ni vile vya mwisho. Njoo upumzike."

"Ngoja kwanza. Mwenye nyumba ni nani hapa?"

"Ni Mama Bernadeta, yule pale jikoni. Lakini hakuna haja, Salumu alishazungumza naye."

Bi Mwajabu alimkabidhi mto, akajitengeneza khanga zake, akatembea polepole hadi mlango wa jiko.

"Hodi hapa."

Mwanamke aliyekuwa akikoroga sufuria aligeuka. Alikuwa mdogo kwake kwa umri, pengine rika la Nusaiba. Aliacha mwiko, akajifuta mikono.

"Karibu, shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukusalimu, maana nimehamia kwako leo, na haifai mtu kuingia nyumba ya watu kimyakimya." Akaweka mkono kifuani. "Mie ndiye mama yake Salumu."

Salumu alikuwa akipita na godoro kichwani. Alisimama katikati ya ukumbi, na waliokuwa nyuma yake na vyombo wakasimama pia.

Nusaiba alimsukuma taratibu mgongoni. "Pita, bwana," alimnong'oneza. "Unatuzibia njia."

Lakini Salumu alibaki amesimama hivyo kwa muda, na kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika godoro, hakuwa na mkono wa kujifuta machozi. Nusaiba akachukua ncha ya khanga yake, akamfuta.